Jinsi ya kuhakiki gemu za skeitibodi za bei rahisi kwenye kompyuta za zamani: mwongozo kamili

Kaseti ya gemu ya bei rahisi iliuzwa pauni 1.99. Bei hiyo ilizoeleshwa na Mastertronic, kampuni iliyoanza Uingereza mwaka 1983. Haikuwa lazima uende duka la kompyuta. Uliikuta kaseti duka la magazeti, ukainunua pamoja na chokoleti. Firebird wakafuata, na mwaka 1986 ndugu wawili, Richard na David Darling, wakafungua Codemasters. Gemu ya bei kamili wakati huo ilikuwa kama pauni 8 hadi 10. Skeitibodi nazo zilikuwa zimerudi kwenye fasheni, basi kila lebo ya bei rahisi ikataka kijana na ubao wa magurudumu kwenye jalada lake: Codemasters wakatoa Pro Skateboard Simulator, Silverbird wakatoa Skateboard Kidz, na Players wakaja na Skateboard Construction System.

Leo unaweza kuzicheza zote kwenye laptop iliyochoka. Kuzihakiki kwa haki ndiko kugumu. Kuna wanaozicheka kwa sababu picha ni za vipande vipande, na kuna wanaozisamehe kila kosa kwa sababu "zamani ndivyo ilivyokuwa". Mimi hufuata kanuni moja: mashine ni udhuru, bei si udhuru. Kompyuta ya Spectrum haikuwa na chombo cha kusogeza skrini kwa ulaini, kwa hiyo hapo namsamehe mtunzi. Lakini kumsubirisha mchezaji sekunde sita kila anapoanguka, hilo halina uhusiano na pauni 1.99.

Hatua ya 1: Chagua mashine, kisha uijue

Gemu moja mara nyingi ilitoka kwenye mashine tatu, na matoleo hayo hayafanani. Amua mapema unahakiki lipi, na uliandike kwenye mstari wa kwanza wa daftari lako.

ZX Spectrum ya Sinclair (1982) ina prosesa ya Z80 ya megahezi 3.5 na, katika toleo maarufu, kumbukumbu ya kilobaiti 48. Skrini yake ni pikseli 256 kwa 192. Rangi zimegawanywa kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiboksi kinabeba rangi mbili tu. Ndiyo maana mtu akipita mbele ya ukuta mwekundu, suruali yake nayo inageuka nyekundu. Watunzi werevu walikwepa kwa kuchora uwanja mzima kwa rangi moja. Ukikuta gemu ya Spectrum ya rangi mbili, njano na nyeusi tu, usikimbilie kuandika "mtunzi mvivu". Huenda aliamua kwa akili kabisa.

Commodore 64 (1982) ilizaliwa na bahati. Chipu yake ya picha, VIC-II, ina spraiti nane za maunzi, yaani vipicha vinavyotembea juu ya mandhari bila kuyaharibu, na inaweza kuisogeza skrini pikseli moja moja yenyewe. Gemu ya skeitibodi ya Commodore inayokwenda kwa kurukaruka kama daladala yenye klachi mbovu haina pa kujifichia.

Amstrad CPC 464 (1984) ina rangi nzuri kati ya 27, lakini skrini yake inakula kilobaiti 16, wakati ya Spectrum inakula baiti 6,912 tu. Prosesa inayofanana na ya Spectrum ikabeba mzigo zaidi ya mara mbili. Mbaya zaidi, kampuni nyingi zilichukua toleo la Spectrum na kulihamishia Amstrad kwa rangi nne, bila hata kuligusa. Hapo ndipo mhakiki anapaswa kukasirika.

Hatua ya 2: Tayarisha emuleta

Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta yako ijifanye mashine ya zamani. Kwa Spectrum tumia Fuse, kwa Commodore tumia VICE. Amstrad ina emuleta kadhaa, WinAPE inatosha. Faili za ROM za Spectrum, yaani programu iliyokuwa ndani ya mashine yenyewe, hazina shida, maana Amstrad, waliolinunua jina la Sinclair, waliruhusu zigawiwe pamoja na emuleta. Gemu zenyewe ni suala jingine. Nyingi bado zina mwenye haki, kwa hiyo chukua zile ambazo mwenyewe ameruhusu, au nunua kaseti halisi.

Tafuta faili ya kaseti nzima (TZX au TAP), usichukue picha ya kumbukumbu iliyokatwa katikati (SNA au Z80). Picha ya kumbukumbu inakurusha moja kwa moja ndani ya gemu, na tayari umeshakosa skrini ya kupakia, muziki wa mwanzo, na pengine kiwango cha mazoezi. Mara nyingine pia unakuta toleo lililochezewa, lenye maisha yasiyoisha. Niliwahi kuandika kwamba gemu fulani ni nyepesi mno, halafu nikagundua faili niliyopakua ilikuwa imedukuliwa miaka mingi iliyopita na mtu aliyechoka kufa. Ilibidi niandike upya.

Mipangilio mitatu usiisahau:

– Commodore iwe PAL, mfumo wa televisheni wa Uingereza, siyo NTSC, ule wa Marekani. Gemu za Uingereza ziliandikwa kwa televisheni ya picha 50 kwa sekunde. Ukiziendesha kwa 60, muziki na ubao vyote vinakimbia asilimia 20 zaidi, nawe utamlaumu mtunzi kwa kasi ambayo hakuiweka.

– Joistiki ya Commodore kwa kawaida iko kwenye tundu la 2. Kama gemu haisikii, badilisha tundu kabla hujaiita mbovu.

– Kwenye Spectrum kuna aina kadhaa za joistiki, na Kempston ndiyo ya kwanza kujaribu. Ikishindikana, tumia kibodi: Q juu, A chini, O kushoto, P kulia. Vidole vya watu wa Spectrum vinaujua mpangilio huo hadi leo.

Hatua ya 3: Pakia kwa kasi halisi, angalau mara moja

Hapa wengi wananibishia. Kwa nini nikae dakika tano nikitazama mistari wakati emuleta inapakia papo hapo? Kwa sababu aliyeinunua alikaa. Gemu inayopakia upya sehemu kutoka kwenye kaseti kila unapobadilisha uwanja ni gemu tofauti kabisa na ileile inapopakia papo hapo.

Kwenye Spectrum ya 48K bonyeza J, neno LOAD linajitokeza lenyewe, kisha shika SYMBOL SHIFT na ubonyeze P mara mbili upate alama za nukuu. Bonyeza ENTER, anzisha kaseti. Kwanza mpaka wa skrini unapiga mistari minene ya nyekundu na samawati huku sauti moja ndefu ikilia. Halafu inageuka kuwa mistari myembamba ya bluu na njano, na kelele kama mafuta ya kukaangia yaliyorushiwa maji. Hapo data inaingia. Kwenye Commodore shika SHIFT na ubonyeze RUN/STOP, kisha ufuate maelekezo ya skrini. Washa saa na uandike muda.

Ukiwa na kaseti halisi na haipakii, usiitupe. Sisi tuliolelewa na redio kaseti tunayajua haya: utepe uliolegea unazungushwa kwa kalamu ya Bic, na kichwa cha kusomea kilichohama kinarudishwa kwa bisibisi ndogo ya nyota au bapa, kupitia kitundu kilicho juu yake. Zungusha robo kwa robo huku ukisikiliza. Sauti ikiwa kali na angavu, umefika. Ikiwa imezibwa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, endelea. Kabla hujaanza weka alama ya wino mahali skrubu ilipokuwa, usije ukaziharibia kaseti nyingine zote.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya ndani, usiamini jalada

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Majalada ya gemu za pauni 1.99 yalitembezwa sana: kijana angani, jua linazama, mji mzima chini ya magurudumu. Ndani unamkuta mtu wa pikseli 20 kwenye barabara ya kijivu. Neno "Simulator" kwenye jina la Codemasters nalo lisikutishe. Walilibandika kwenye karibu kila kitu walichouza.

Karatasi ya ndani ndiyo yenye maana. Inakuambia vitufe, lengo na mitindo, yaani michezo unayoweza kuifanya juu ya ubao. Gemu ikisema ina mitindo mitano na wewe ukapata miwili, tatizo linaweza kuwa lako. Nakili orodha ya mitindo daftarini na uwekee tiki kila uliofaulu.

Hatua ya 5: Nusu saa ya kwanza, na vipimo vinne

Hii ndiyo kazi yenyewe. Cheza dakika thelathini bila kusimamisha, daftari likiwa mapajani. Baada ya hapo rudi mwanzo na upime. Kama hujawahi kupanda ubao, tazama kwanza video za vijana wa Kitintale, Kampala, ambako kuna uwanja wa skeitibodi. Angalia magoti yao, usiangalie ubao. Magoti yanakunja kabla ya kuruka na yanakunja tena wakati wa kutua. Ubao hupoteza mwendo ukipanda na huupata ukishuka. Gemu ya skeitibodi haihitaji fizikia ya chuo kikuu, ila lazima ikupe hisia hiyo moja: mwendo ni kitu unachokichuma na unaweza kukipoteza.

Kipimo cha kwanza ni mwendo. Kutoka kusimama, inachukua sekunde ngapi kufikia kasi ya juu kabisa? Je, kasi inashuka kwenye mlima? Kama ubao una kasi mbili tu, kusimama na kukimbia, andika hivyo. Hiyo siyo skeitibodi, ni mtu anayeteleza.

Cha pili ni uitikiaji. Bonyeza kitufe cha kuruka mara ishirini ukiwa unakwenda. Mtu aliruka mara ngapi? Nina daftari lenye mstari huu: "Bonyeza 20, ruka 13. Zilizopotea zote ni pale kelele ya magurudumu inapolia." Gemu hiyo ya Spectrum ilitumia prosesa kupiga sauti, na kwa muda huo haikusoma kibodi. Spika ya Spectrum ya 48K inachezwa na prosesa yenyewe, kwa hiyo sauti na mwendo vinanyang'anyana. Mashine ndiyo yenye mpaka huo, lakini mtunzi ndiye aliyechagua kelele ya magurudumu badala ya vidole vyangu. Kosa ni lake.

Cha tatu ni mgongano. Endesha polepole hadi ukingo wa barabara, sogea pikseli moja moja, uone ni wapi hasa unapoanguka. Fanya hivyo kutoka pande zote. Gemu nyingi za harakaharaka zinamzungushia mtu boksi la mraba na kuliita mwili, kwa hiyo unaangushwa na pipa ambalo ubao wako haukuligusa. Ukiona nafasi wazi kati ya mtu na pipa wakati wa anguko, piga picha ya skrini. Picha hiyo moja inamaliza ubishi.

Cha nne, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni muda kati ya kuanguka na kujaribu tena. Pima kwa saa. Chini ya sekunde mbili ni safi. Zaidi ya nne, fanya hesabu: ukianguka mara 60 kwa saa, na utaanguka, dakika nne nzima unamtazama mtu akijishika kiuno. Skeitibodi ni mchezo wa kuanguka. Mtunzi aliyefanya anguko liwe adhabu ya kusubiri hajauelewa mchezo anaouuza.

Hatua ya 6: Weka mizani

Huwezi kusema kitu ni chepesi bila jiwe la mizani. Mimi hutumia mawili ya skeitibodi na moja la pikipiki.

La kwanza ni 720°, mashine ya ukumbi wa gemu iliyotengenezwa na Atari Games mwaka 1986, ambayo U.S. Gold waliileta kwenye kompyuta za nyumbani mwaka 1987. Kwenye mji wa Skate City unazunguka ukikusanya alama ili upate tiketi za kuingia viwanja vinne: rampu, mteremko, slalomu (njia ya kupindapinda) na kuruka. Madukani unanunua ubao, viatu, kofia na vikinga magoti. Ukichelewa, maandishi yanatokea, "Skate or Die", na nyuki wanakufukuza. Uzuri wake ni kwamba hata barabara ya kutoka uwanja hadi uwanja ni mchezo. Ile ya ukumbini ilikuwa na joistiki ya kuzungusha kwenye duara. Nyumbani ulikuwa na joistiki ya kawaida ya pande nane, kwa hiyo mizunguko ilipoteza utamu. Mpaka wa mashine, tena. Baadaye 720° ilirudi sokoni kwa bei nafuu chini ya lebo ya Kixx, yaani kijana mwenye pesa kidogo aliweza kuikuta kwenye rafu moja na gemu unayoihakiki. Ulinganisho ni halali kabisa.

La pili ni rampu ya California Games ya Epyx (1987). Nyuma kuna maandishi ya Hollywood mlimani, mbele kuna kuta mbili za mviringo zinazotazamana kama bomba lililopasuliwa. Unasukuma joistiki kwa mapigo ya kupanda na kushuka ili uchume mwendo, kisha juu ya ukingo unachagua: kugeuka, kusimamia mkono, au kuruka hewani. Mitindo mitatu tu! Lakini kila mmoja unalipa zaidi kadiri unavyothubutu, na ukianguka mara tatu umekwisha. Naupenda kuliko gemu nyingi zenye mitindo kumi. Ukiwa na gemu ya bei rahisi mkononi, jiulize kama ina hata mtindo mmoja unaokutamanisha kuhatarisha.

La tatu ni jibu langu kwa wanaosema "ungetegemea nini kwa pauni mbili?" Kikstart, gemu ya pikipiki ya Mastertronic, iliyotungwa na Shaun Southern mwaka 1985, iliwapa watu wawili skrini iliyogawanywa katikati, kwa pauni 1.99. Kikstart II ikaongeza chombo cha kujijengea njia zako. Mtunzi wa muziki Rob Hubbard aliandikia gemu za Mastertronic kama One Man and His Droid na Master of Magic muziki ambao watu bado wanausikiliza, kabla hajaenda Electronic Arts na kufanya SID, chipu ya sauti ya Commodore 64, ilie kama gitaa kwenye gemu ya Skate or Die! Sauti tatu za SID zilikuwa zilezile kwa tajiri na kwa maskini.

Hatua ya 7: Rudi kesho yake

Usiandike siku hiyohiyo. Nusu saa ya kwanza unapambana na vitufe. Kesho yake unapambana na gemu. Cheza saa moja zaidi, na tafuta jambo moja tu: inaanza kujirudia wapi? Gemu nyingi za bei rahisi zina viwanja vitatu au vinne vinavyozunguka, kila mara muda ukipungua kidogo. Hilo peke yake si dhambi. Dhambi ni pale mzunguko wa pili usipokuletea chochote ila haraka.

Kama kuna chombo cha kujengea viwanja, jenga kimoja hadi mwisho, ukihifadhi kwenye kaseti, uzime, upakie tena. Nimekuta vyombo vya namna hiyo ambapo kujenga kulikuwa kutamu kuliko kucheza. Andika hivyo bila haya.

Hatua ya 8: Toa alama

Jarida la Zzap!64 lilikuwa na vipengele vyake vya asilimia: mwonekano wa jumla, picha, sauti, namna gemu inavyokunasa, namna inavyodumu, thamani ya pesa, na alama ya mwisho. Mfumo huo bado unafaa, isipokuwa thamani ya pesa imekuwa ngumu kwa sababu msomaji wako halipi pauni 1.99. Mimi nimeibadilisha kuwa thamani ya jioni: je, ingefaa kumaliza jioni nzima nayo badala ya kupakia 720°? Alama ya mwisho isiwe wastani. Gemu yenye picha za 80 na uitikiaji wa 20 haiwi ya 50. Ni ya 25, kwa sababu picha hazichezeki.

Unapoandika, toa ushahidi kabla ya hukumu. Linganisha sentensi hizi mbili. "Uendeshaji ni mbovu na unakera." Na hii: "Ukikata kona ya kwanza kulia, ubao unaendelea mbele kwa nusu sekunde kabla haujatii, na nusu sekunde hiyo inatosha kukutia kwenye pipa la taka kila mara, mpaka ujifunze kukata kona ukiwa bado kwenye taa za barabarani." Ya pili imemwambia msomaji ubaya, kiasi chake, na namna ya kuishi nao.

Chini kabisa weka taarifa hizi: mashine na kumbukumbu yake, PAL au NTSC, emuleta na toleo lake, aina ya faili, muda wa kupakia, saa ulizocheza, na alama zako za juu. Hiyo ya mwisho usiifiche hata kama ni aibu. Mtu wa kwanza kukupinga ataanza kwa kuuliza ulifika wapi.